Bunduki ya Orrin na Pindo la Shati

Mume wangu Orrin alipopata kiharusi, watu wa huku wilaya ya Potter walileta vyakula mpaka mlango wa friji ukakataa kufunga. Tambi za kuoka, viazi vya maziwa, pai za tufaha, supu za kuku za kila namna. Nilishukuru, sikatai. Lakini hakuna aliyeniletea nilichokitaka hasa, yaani mtu wa kumwambia Orrin neno moja akakasirika. Ugonjwa ulichukua nguvu za mkono wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito, na hayo daktari alishaniambia niyategemee. Kilichonitisha ni kwamba uliondoka na ubishi wake pia.

Mimi niliolewa na mbishi, na nilijua ninachofanya. Tumegombana maisha yetu yote kuhusu kuni, kuhusu mbwa, kuhusu namna ya kukaanga mayai, na tumependana hivyo hivyo. Sasa nikajikuta nakaa na mtu mpole. Ukimpa mayai mabichi anakula. Ukimpa yaliyoungua anakula. Nilikuwa nayaunguza makusudi, Mungu anisamehe, nikisubiri aseme kitu.

Kila nilichomuuliza alikuwa na jibu moja. Buti zimeshuka bei dukani, nikuletee jozi? "Za nini?" Tupande nyanya mwaka huu? "Za nini?" Koti lako la kanisani limechoka, tununue jingine? "La nini?" Alikuwa anasema taratibu, bila uchungu, na hapo ndipo nilipokuwa nataka kurusha sufuria. Mtu ambaye hataki buti za mwaka ujao ameshaamua jambo, hata kama hajakwambia.

Mwezi wa saba akalisema, ila hakuniambia mimi. Alimwambia Stub.

Stub ndiye mkubwa wa kambi yetu. Kambi ni kibanda cha mbao juu ya mlima wa Tannery, walichokijenga baba zetu, na kila msimu wa kulungu unapofunguliwa tunapanda huko. Kila mtu ana kitanda chake na msumari wake ukutani wa kutundika bunduki. Kitanda cha kambi hakinunuliwi. Unakipata mwenye kitanda akifa au akikiacha kwa mdomo wake mbele ya wenzake, na watu husubiri miaka. Stub alikuja kutuletea mahindi, wakakaa kibarazani na Orrin, nami nikiwa dirishani naosha vyombo nikamsikia mume wangu akisema, neno moja moja kama mtu anayetoa misumari kwenye ubao, "Kitanda changu. Mpe mkwe wako."

Stub ni mtu wa maneno mengi na karibu yote ni ya kijinga, lakini siku hiyo alisema la maana. Alisema mambo ya vitanda husemwa kambini, usiku wa kufungua msimu, baada ya chakula, na kwamba asiyefika hana la kusema. Nilimpenda Stub siku ile, na sijamwambia mpaka leo.

Nilivua aproni nikaendesha gari hadi kwa kaka yangu.

Verl alikuwa fundi wa mashine kiwandani mpaka alipostaafu, na tangu hapo anaishi chini ya nyumba yake kama fuko. Huko ana karakana, na kazi yake ni kutengeneza bunduki. Hauzi. Ni mapenzi tu, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki au kupiga kinanda. Ananunua mtambo wa kufyatulia hapa na mtutu pale kupitia duka la mjini Coudersport, makaratasi yote yakiwa sawa, halafu anakaa nayo majira yote ya baridi, anachonga, anasugua, anabomoa alichofanya, anaanza tena. Akimaliza anampa mpwa wake fulani au anaitundika na kuiangalia. Mke wake husema akifa atazikwa na kipande cha msasa mkononi.

Nikamwambia mtengenezee Orrin bunduki. Fupi, nyepesi, ya mkono wa kushoto.

Alisafisha miwani kwanza. Verl hajawahi kujibu swali bila kusafisha miwani. "Dada, mtu asiyetaka buti atataka bunduki?"

"Buti hazimchokozi," nikamwambia. "Nataka kitu cha kumchokoza. Nataka aone kazi yako aitafutie makosa."

"Kazi yangu haina makosa."

"Basi utamchokoza hivyo hivyo."

Akacheka, na akaenda kwenye kona akaondoa turubai. Chini yake palikuwa na ubao wa mjozi, mweusi-mweusi, wenye mistari iliyojikunja kama moshi. Ni mti ulioangushwa na upepo nyuma ya nyumba ya mama yetu. Orrin mwenyewe ndiye aliyeupasua, enzi zile akiwa na kiwanda chake cha mbao, na Verl alikuwa ameuficha miaka yote hiyo akingoja kazi inayoufaa. Aliupapasa kwa kidole gumba, na nikajua amekubali.

Tatizo likawa vipimo. Kitako cha bunduki lazima kimkae mtu kama kiatu. Kikiwa kirefu kinamgonga, kikiwa kifupi pua yake inapigwa na kidole gumba chake mwenyewe. Na Orrin tusingeweza kumwambia, maana angesema "Ya nini?" na mambo yangeishia hapo. Basi Verl akaja mwezi wa nane, siku ya joto la kuua mbuzi, akiwa na reki mkononi. Orrin alikuwa kibarazani amevaa fulana tu. Verl akamwambia, shemeji, nataka kukukatia mpini wa reki wa kukutosha kwa mkono mmoja, hebu nyanyua huo wa kushoto. Akatoa utepe, akampima kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi kidole. Akampima shingo, akampima bega, akampima umbali wa jicho na shavu.

Orrin akamtazama. "Reki," akasema. "Na shavu langu?"

"Reki za siku hizi," Verl akajibu, akaondoka haraka.

Mimi nilicheka jikoni mpaka nikakaa chini. Hakuna kati yetu watatu aliyefikiria ile fulana. Wala msinicheke, nitafika huko.

Vuli yote nilikuwa natafuta visingizio vya kwenda kwa Verl. Nilijifanya napeleka mayai. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda namwangalia. Alikuwa anapaka masizi ya mshumaa kwenye chuma, anakikalisha ndani ya mbao, anakitoa, na pale masizi yalipogusa anakwangua kidogo kwa patasi, kidogo kiasi kwamba unga wake usingejaza kijiko cha chai. Kisha anarudia. Kutwa nzima anarudia. Nilimuuliza kama hachoki, akasema anaona raha, na kwamba chuma kinapokaa kwenye mbao bila kubakiza hata nafasi ya karatasi, moyo wake unatulia. Nilimwamini. Moyo wangu ulikuwa unatulia pia, na mimi nilikuwa naangalia tu.

Umbo likatokea. Mahali pa shavu akapageuza upande wa kushoto. Chini ya mtutu akaacha mbao pana kidogo na bapa, ili ikae vizuri juu ya mti wa panda, fimbo yenye matawi mawili inayochomekwa ardhini, kwa sababu mkono wa kulia wa Orrin ungeweza kushikilia lakini usingeweza kubeba. Halafu ikaja kazi ya kumalizia, na hapo Verl huwa hasemeshwi. Aliilowesha mbao ili nyuzi zisimame, akaipiga msasa, akailowesha tena. Kisha mafuta ya kitani, tone moja tu, na kusugua kwa kiganja kitupu mpaka kiganja kinapata moto. Anaacha ikauke. Kesho tone jingine. Wiki kwa wiki ule mjozi ulikuwa unafunguka, ukitazama unaona ndani kama maji ya kijito yenye majani chini yake. Nilitaka kuugusa, akaniambia nivue pete kwanza.

"Hiki kitako nimekihangaikia kuliko vyote," akasema. "Akikikwaruza nitalia."

"Akikikwaruza maana yake amekitumia," nikamwambia.

Aliileta mwezi wa kumi, imefungwa kwenye blanketi, akaiweka juu ya meza ya jikoni kati ya kikombe cha Orrin na chupa ya sharubati ya utomvu wa mti wa mepo. Akafunua. Mimi nilikuwa naosha sahani iliyokwisha kuoshwa.

Orrin aliitazama. "Ya nini?" akasema, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshatangulia. Ulikwenda wenyewe, ukapita juu ya kitako, ukarudi, ukasimama. Akainama karibu. Alipasua mbao maisha yake yote, na mbao humjua mtu wake. "Mjozi," akasema. "Wa mama yenu." Verl akaitikia kwa kichwa. Orrin akaendelea kupapasa mpaka kwenye kunjo la nyuma ya komeo la kupakilia risasi, akakwaruza kwa ukucha, akamtazama shemeji yake usoni.

"Hapa. Umeparua."

"Sijaparua," Verl akasema, amewaka. "Hiyo ni nyuzi ya mti."

"Umeparua."

Wakabishana. Mmoja kwa maneno mengi, mwingine kwa neno moja alilolirudia kama anayepiga msumari, na mimi nikaingia stoo nikafunga mlango nikalia kwenye gunia la viazi. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyosikia mwaka mzima.

Basi nikadhani tumeshinda. Alianza kutoka nje peke yake. Alikuwa anavaa shati lake la flaneli, anaegemeza bunduki kwenye mti wa panda nyuma ya ghala, na analenga sahani ya bati niliyomtundikia. Siku za kwanza alikosa, na nilisikia matusi, na nilifurahia matusi. Baadaye nikaanza kusikia bati likilia. Lilikuwa linalia mara nyingi. Komeo alikuwa analivuta kwa mkono wa kushoto bila kuondoa shavu, kana kwamba alizaliwa hivyo.

Lakini nilipomuuliza kuhusu kambi, akasema atapanda siku ya kufungua. Siku moja. "Kuaga," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Baadaye nikamwelewa. Alikuwa anakwenda ili aseme mbele ya wenzake kwamba kitanda amekiacha, kama Stub alivyotaka. Bunduki ilikuwa nzuri, aliipenda, na bado alikuwa anakwenda kuaga. Nilimwambia wewe mzee una wazimu. Akasema labda. Hata hilo hakulibishia.

Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, siku ya kufungua msimu mwishoni mwa Novemba, kulikuwa na baridi ya kupasua mawe. Theluji ilikuwa imeanguka na kuganda juu, kila hatua inalia. Verl na Stub walimpandisha Orrin kwa gari dogo la mlimani mpaka kwenye ukingo wa msitu wa misonobari, kwenye kiti nilichomwekea nyuma ya gogo, na mimi nikabaki naye. Nilimvalisha mwenyewe. Juu ya flaneli sweta, juu ya sweta lile koti la sufu la marehemu baba yake, zito kama kondoo mzima, na juu ya koti kizibao cha rangi ya chungwa. Alikuwa ametuna kama gunia. Nilimwekea mti wa panda mbele yake, nikamlazia bunduki mapajani, tukasubiri.

Asubuhi ilisogea. Nilikuwa naomba, siwafichi. Nilikuwa naomba kulungu, na siyo kwa ajili ya nyama. Nilikuwa nawaza kwamba akipata kulungu hatasema yale maneno usiku. Nani anaacha kitanda siku aliyopata kulungu?

Na akaja. Dume, shingo nene, pembe pana, akitembea kando ya kijito kama mwenye shamba. Alisimama mbele yetu kabisa akageuza kichwa upande mwingine. Nafasi kama ile mtoto asingekosa. Nikamwona Orrin ananyanyua bunduki, mtutu ukakaa kwenye panda, akairudisha begani.

Haikufika. Mpira uliobandikwa mwishoni mwa kitako ulinasa kwenye koti, chini ya kwapa, ukagoma. Akasukuma mbele, akarudisha, ukanasa tena, na shavu lake halikupata mahali pake. Dume akasikia sufu inavyokwaruza. Aliruka, na Orrin akafyatua kitako kikiwa bado nusu njia. Gome la msonobari likarukia theluji mbali na kulungu kabisa. Kisha mkia mweupe ukawa unapotea kati ya miti.

"Nimekosa," akasema Orrin.

Nilitaka kumwambia haikuwa kosa lake, nikaishia kumfunga vifungo vya koti. Tulikaa vile mpaka walipotufuata.

Sasa lazima mjue jambo moja la kambi. Ukimpiga kulungu risasi ukakosa, usiku huo unakatwa pindo la nyuma la shati. Hakuna cha mzee wala mgeni. Linapigiliwa ukutani juu ya jiko la kuni, na jina lako na mwaka vinaandikwa kwa makaa, na unatukanwa mpaka unakwenda kulala. Ukuta wetu umejaa vitambaa. Cha baba yangu kipo. Changu kipo, cha rangi ya bluu. Stub ana vingi kuliko wote, na ndiye mshika mkasi, na kila mwaka huunoa mkasi ule mbele ya aliyekosa, taratibu, akiimba kwaya ya mazishi.

Usiku ule Stub hakunoa kitu. Tulikula soseji za kulungu na chapati za maji za ngano nyeusi, na watu walizungumza kuhusu theluji. Walizungumza kuhusu bei ya mafuta ya kupasha nyumba. Ndugu wawili wa kambini, akina Hollis, ambao hawajawahi kunyamaza kuhusu kosa la mtu, walimsifu Orrin eti amevumilia baridi vizuri. Na Stub, jamani, Stub aliinuka akaanza kuosha vyombo. Mtu huyo hajaosha kijiko kambini tangu kibanda kijengwe. Verl alikuwa ameinamia sahani, hana hata nguvu ya kusafisha miwani.

Walikuwa wanamhurumia. Watu wema, walifanya kwa upendo, na nilitaka kuwapiga wote na kikaango. Kwa sababu nilikuwa namtazama Orrin, na niliona anasubiri. Aliutazama mkasi kwenye msumari wake. Alimtazama Stub mgongoni. Dakika zilivyokwenda uso wake ulikuwa unazimika, na mimi nikajua anachosoma pale. Anasoma kwamba wameshamtoa. Kitanda hakikuwa na haja ya kuachwa, kilikuwa kimeshakwenda.

Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini. Lakini kiti kililia, na Orrin akawa amesimama, ameshika meza.

"Stub," akasema. "Mkasi."

Stub hakugeuka. Akasema, mzee mwenzangu, siku imekuwa ndefu, mambo hayo tuyaache mwaka huu.

Orrin alitia mkono wa kushoto nyuma ya suruali, akavuta shati lake nje, akavuta tena mpaka pindo lote likaning'inia. Uso wake ulikuwa mwekundu. Ilikuwa hasira. Mungu wangu, ilikuwa hasira ya kweli, ile ya zamani.

"Nimekosa kulungu," akasema. Kila neno alilivuta kama gogo. "Mimi. Si mgonjwa. Mimi nimekosa. Kata."

Stub alikausha mikono kwenye suruali, akautoa mkasi kwenye msumari, akaja. Macho yake yalikuwa mekundu, na asiseme ilikuwa moshi. Akaukata ule mkia wa flaneli moja kwa moja, akaunyanyua juu, akaangalia.

"Shati lenyewe baya," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Kulungu alikimbia shati."

Basi kibanda kikapasuka. Hollis mmoja akapiga meza, mwingine akauliza msonobari uliopigwa utaliwa na watu wangapi, mimi nikasema ule msonobari ulikuwa na pembe nane, niliziona. Wakamtukana. Wakamtukana kwa raha yote waliyokuwa wameibana tangu jioni, na Orrin alisimama katikati na shati lake nusu, akiyapokea kama mtu anayeota moto.

Kisha akanyanyua mkono wakatulia. Akamgeukia kaka yangu.

"Verl. Ile reki. Ulinipima nimevaa nini?"

Verl akavua miwani. Niliona jambo linavyomwingia kichwani, kisha likaniingia mimi, ile siku ya joto, kibaraza, utepe. Mtu ametengeneza bunduki miaka yote hii. Mtu anayewafokea vijana wote wa huku, mpimwe mkiwa na koti, mpimwe mkiwa na koti, kulungu hawindwi kiangazi.

"Fulana," akasema Verl, kwa sauti ndogo.

"Sauti," akasema Orrin.

"Nilikupima na fulana, shemeji."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Stub aliegemea ukuta akateleza mpaka chini. Na Orrin akacheka, upande mmoja wa mdomo ukipanda na mwingine ukibaki, na sikujali hata kidogo ulivyokaa. Alinyoosha kidole cha kushoto kwa shemeji yake.

"Mkateni na yeye."

Walimkata. Verl alijitetea kidogo kwamba sheria ni ya mpigaji na siyo ya fundi, wakamwambia leo sheria imekua. Vile vitambaa viwili vikapigiliwa kwa msumari mmoja, flaneli ya Orrin na poplini ya Verl, na Stub akaandika majina kwa makaa. Halafu akakaa, akakohoa, akasema basi kuna jambo la kitanda lililobaki, kama mwenye kitanda ana la kusema.

Orrin alikuwa anaifuta bunduki kwa kitambaa. Hakunyanyua kichwa.

"Mkwe wako," akasema, "alale sakafuni."

Jumatatu walikuwa chini kwa Verl. Orrin amevalishwa koti la baba yake ndani ya karakana yenye joto, anatoka jasho, na Verl anampima upya huku akiugua kama anayekatwa mguu, kwa sababu kile kitako alichokisugua vuli nzima sasa kilitaka kupunguzwa karibu upana wa kidole. Hakuweza kushika msumeno. Alijaribu, akauweka chini. Orrin akauchukua kwa mkono wa kushoto, akamwambia abane mbao kwenye jiliwa na amshikie taa, akakata. Mkato ulinyooka. Baadaye nilimkuta ameshika msasa, anazungusha kingo, anamwambia shemeji yake kwamba sasa, ndiyo kwanza, pale alipoparua panaonekana.

"Sijaparua," Verl akasema.

Nikawaacha. Nyumbani nilitoa lile shati la flaneli kwenye kapu la nguo, nikaliangalia lilivyokatwa, nikachukua sindano na kipande cha kitambaa kinachofanana. Orrin alipoingia, na unga wa mjozi hadi kwenye nyusi, alisimama mlangoni akaniona.

"Usilishone," akasema.

"Utavaa nini? Umebaki na mawili tu."

Alifikiri, akitafuta neno. Nilisubiri, maana nimejifunza kusubiri, na nilikuwa nimeshajiandaa kusikia lile jibu lake.

"Ninunulie jingine," akasema. "La mwakani. Na buti."